Mguu wa Johana na Mikono Yangu

"Mama Ratemo, hebu niambie, ni wewe unakanda watu ama ni watu wanakukanda wewe?"

Marcella aliniuliza hivyo pale kwenye mfereji, mbele ya wanawake wa laini yetu, nikiwa nimeinamia karai nikisugua mikono. Walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa maana Marcella alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, tena tuliabudu pamoja, na mdomo wake tulikuwa tumeuzoea. Lakini nilitoa mikono majini nikaitazama. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo kama punje za wimbi, vina maji ndani, na vilikuwa vinawasha hata nikatamani kuvikwaruza kwa lile jiwe la kufulia.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, mvua ndefu ikielekea kuisha. Tulikuwa tukikaa kwenye kambi ya majani chai upande wa Kapsoit, sisi tuliotoka Kisii na wenyeji Wakipsigis, laini baada ya laini, chumba kimoja kwa kila kibarua. Mume wangu Nyakundi alikuwa wa kiwandani. Alipofariki, nyumba ilirudi kwa kampuni siku zile zile za matanga, kwa sababu nyumba ya kambi hufuata kibarua, na kibarua kilikuwa chake. Kwa bahati mwanangu Ratemo alikuwa ameandikwa kuchuma. Alipewa chumba, nami nikaingia kwake na kwa mke wake.

Sheria ya kambi ilimtambua mke na watoto. Mama mzazi hakuwamo. Na kwetu Kisii, shemeji yangu alikuwa ameshapanda majani chai mpaka mahali jiko langu lilipokuwa. Nikitoka kwa Ratemo sikuwa na pa kwenda ila kwenda kuomba pembeni pa jiko la mke wa shemeji, na huyo mama tulikuwa hatusalimiani tangu ujana.

Kilichoniweka pale kambini ni mikono. Mama yangu alikuwa mkandaji, akanifundisha nikiwa msichana ninayesoma darasa la nne. Mtu anayechuma majani kutwa nzima, kikapu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, jioni shingo yake huwa ngumu kama mpini wa jembe. Walikuja kwangu baada ya kupima majani. Nilikanda shingo, migongo, vidole gumba vilivyokataa kukunjika. Sikuweka bei. Huyu alileta mayai, yule unga, mwingine alisema asante akaenda. Siku ya Sabato sikugusa mtu mpaka jua lizame, nao walijua, wakakaa nje kwenye nyasi wakingoja jua pamoja nami.

Nyapara wetu alikuwa Kiptanui. Mtu wa maneno machache, kofia yake haikutoka kichwani hata akiingia nyumbani kwa mtu. Yeye alijua wazi kwamba nipo kwa Ratemo kinyume cha sheria, lakini alikaa kimya. Halafu baba yake, mzee Johana, akapigwa na kiharusi.

Johana alikuwa mzee wa kanisa lao la ng'ambo ya mto, mtu mrefu, mwenye ng'ombe wake na shamba lake, si mtu wa kambi. Upande wake wa kushoto ulikufa akiwa anakamua. Walimleta kwangu juu ya trela ya trekta, amelazwa kwenye magunia matupu ya majani, mdomo umepinda, macho yanaona kila kitu. Kiptanui alisimama mlangoni.

"Hospitali wamesema wamemaliza," aliniambia. "Sasa wewe jaribu."

"Nitajaribu. Mwenye kuponya ni Mungu."

"Sawa. Basi wewe na Mungu jaribuni." Akaangalia chumba chetu, kitanda, pazia, sufuria zangu kando. "Mradi unamkanda mzee wangu, mimi sioni mgeni kwa nyumba ya Ratemo. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hakuna aliyehitaji kuniambia mara ya pili.

Sasa nieleze juu ya mafuta. Mama yangu alitumia mafuta ya mbarika, yaliyopashwa moto kidogo tu, basi. Na kuna desturi moja aliyonipa: mgonjwa huja na mafuta kutoka nyumbani kwake, na mkandaji hayakatai. Ukiyakataa ni kama umeikataa nyumba yake. Zamani hilo halikuwa na shida, kwa sababu nyumba zote zilikuwa na mbarika ama samli. Lakini miaka ile maduka ya Kericho yalianza kujaa chupa ndogo za dawa ya kuchua, kali, yenye harufu ya kutoa machozi. Kila mmoja akaja na chupa yake. Mmoja ya kijani, mwingine ya manjano, mwingine amechanganya na mafuta ya taa. Walipenda ile inayochoma. Nikimkanda mtu na mbarika peke yake anauliza, "Mama, umeanza?" Isipochoma hawaamini.

Basi kwa jioni moja tu mikono yangu ilipita kwenye chupa za nyumba nyingi. Na katikati ya mgonjwa na mgonjwa nilinawa kwa maji moto na sabuni ya kufulia, nisije nikambebea huyu ugonjwa wa yule. Vipele vilipoanza, watu wote walinipa shauri moja: paka hiyo hiyo dawa kali, mwasho unaogopa moto. Nilipaka. Ilichoma, mwasho ukanyamaza kidogo, halafu usiku ukarudi na wenzake. Nilikuwa nalala nimefunga mikono kwa kitambaa nisije nikajikwaruza mpaka damu. Hata kuomba niliomba mikono ikiwa mbalimbali, kwa sababu kidole kikigusa kidole mwasho ulikuwa unaamka.

Mzee Johana, wakati huo, alikuwa anapata nafuu. Kwanza kidole kikubwa cha mguu kikatikisika. Mke wake Rebeccah alikuwa amemshika kichwa. Alikiona kile kidole akakaa chini kwenye udongo akafunika uso kwa shuka. Baadaye goti likakubali kukunjika. Baadaye akasimama, mimi huku na Rebeccah huku. Ulimi wake nao ukarudi, na kumbe alikuwa mtu wa utani.

"Pitutu," alikuwa akiniita, kwa jina langu la Bitutu lakini kwa ulimi wa kwao, "huu mguu umeamka, lakini ni mvivu kama Kiptanui alipokuwa kijana. Mpaka umpige."

"Siwezi kupiga mguu wa mzee wa kanisa."

"Piga. Sisi ni wa Jumapili, dhambi yako haitaandikwa kwenu Wasabato."

Alianza kuja mwenyewe na fimbo, akivuka daraja la mbao polepole. Nami nikaenda kwa dispensari ya kambi, kwa sababu sasa ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viganja, nyufa nyekundu, na zilitoa maji.

Dresa pale alikuwa Osoro, kijana wa kwetu. Alishika mikono yangu akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, kazi yako unashika nini?"

"Nashika watu."

"Na nini kingine?"

Nikamweleza chupa, sabuni, maji moto. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hii haikutoka kwa mtu yeyote. Ni hizo dawa, na hiyo sabuni, na maji. Ngozi imechoka, sasa inakataa. Chukua hii mafuta nyeupe, upake. Na usikande mtu mpaka ipone."

"Ikipona nirudi kukanda?"

"Ukirudi, itarudi."

"Kwa hivyo dawa yake ni ipi?"

Osoro aliangalia foleni nyuma yangu. Hakuwa mtu mbaya. "Dawa yake ni kutokanda, mama."

Nilimwambia Kiptanui nipumzike kidogo. Akasema sawa, kidogo. Niliyapaka yale mafuta meupe, nikakaa bila kugusa mtu, na kweli mikono ilianza kupona. Ngozi mpya ikaja, laini, nyekundu kama ya mtoto. Ratemo alifurahi, mke wake akanipikia uji kila asubuhi nisiguse maji. Lakini mzee Johana alikuwa amekaa nyumbani kwake na goti lilikuwa linarudi kuwa gumu. Rebeccah alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, akakiweka chini. Akasema tu, "Jana ameshindwa na mlango."

Nikarudi. Niliwaomba watu waje na mbarika peke yake, ingawa wengine walikasirika. Haikusaidia. Sasa ngozi ilikuwa imejifunza kukataa, ikakataa hata mbarika, ikakataa hata maji baridi. Kabla juma halijaisha vipele vilikuwa vimepanda mpaka kwenye kiwiko.

Osoro alinitafutia glavu za hospitali. Nilizivaa nikamkanda nazo mzee Johana. Alilala, mimi nikitafuta ule mshipa ulio nyuma ya goti, ambao nilikuwa naujua kama najua njia ya mfereji. Sikuuona. Mkandaji huona kwa kidole. Ndani ya mpira ule nilikuwa nasikia joto langu mwenyewe na jasho langu mwenyewe, na mwasho ukichemka humo. Nilibonyeza mahali nilipodhani, na mzee akaruka kwa uchungu.

"Pitutu, leo umekuja kunikanda ama kunikamata?"

Nilizivua. Nikamaliza kwa mikono mitupu, polepole, nikiimba moyoni ili nisikie kitu kingine.

Kambini maneno yalikuwa yameshatembea. Lile swali la Marcella la kwenye mfereji lilikuwa limetoka kwa utani likawa habari. Walisema mimi nikikanda ninavuta uchungu wa mtu, unaingia mikononi, na sasa mikono imejaa, inamwaga. Wengine walisema ni upele wa kuambukiza. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema ukoma. Niliwaeleza maneno ya Osoro. Walisikiliza kwa heshima, wakasema pole mama, na jioni hawakuja. Sikuwaonea ajabu. Ningekuwa mimi, naona mikono kama ile inakuja shingoni kwangu, sijui kama ningekaa.

Robo ya mwaka ilipoisha ikaja Sabato ya Meza ya Bwana. Sisi kabla ya mkate tunaoshana miguu, wanawake upande wao, wawili wawili, kama Bwana alivyofanya. Mimi na Marcella tulikuwa tumeoshana miguu miaka yote tangu tufike Kericho. Siku hiyo alinijia mwenyewe, na hiyo ni sifa yake, hakunikimbia. Alipiga magoti, akaniosha mguu huu na huu, akanipangusa kwa taulo, akanikumbatia. Kisha ikawa zamu yangu. Nilichukua karai nikapiga magoti. Marcella alikuwa bado amevaa viatu. Hakuinama kuvivua.

"Inatosha, dada," alisema, taratibu, asije akasikika. "Bwana ameshaona moyo wako."

"Marcella, nishike hata kidole kimoja."

"Nina watoto, mama Ratemo."

Nilibaki nimepiga magoti na karai langu. Maji yalikuwa na vumbi la miguu yangu peke yake. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa ameanza wimbo. Nikainuka nikaenda kumwaga yale maji nje, nikarudi nikala mkate pamoja nao, kwa sababu hiyo haikuwa siku ya kukataa mkate.

Baada ya hapo aliyebaki ni Johana peke yake. Kiptanui alikuja jioni moja, na kofia yake kichwani. Ratemo alitaka kumpa stuli, akakataa kwa mkono.

"Ofisini wanauliza juu ya watu wasioandikwa," alisema. "Kuna mtu amepeleka maneno juu ya ugonjwa wa ngozi. Mimi nimewaambia huyo mama anamkanda mzee wangu, na mzee wangu hajashika ugonjwa wowote. Wamenyamaza."

"Asante, nyapara."

"Usiniambie asante. Mzee akiendelea kuja, nitaendelea kusema hivyo. Siku akiacha kuja, sitakuwa na neno la kusema. Nataka ujue mapema."

Alipoondoka Ratemo alisema, "Mama, acha. Nitakutafutia chumba Kapsoit." Na mke wake akaangalia chini, kwa sababu sote tulijua chumba cha Kapsoit ni cha kulipa kila mwezi na yeye alikuwa mjamzito. Nilipasha mbarika kwa ajili ya kesho.

Mzee Johana alikuja asubuhi, Ratemo na mke wake wakiwa wameshaenda majanini. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Aliketi kwenye benchi, akaweka fimbo kando, akakunja suruali mwenyewe. Zamani hakuweza hata kukunja.

"Jumapili nataka nitoke mlangoni mpaka mbele, kwa kiti changu, bila fimbo," alisema. "Niko na mwaka sijakaa kwa kiti changu. Unasema nini?"

"Nasema kidogo bado. Goti liko tayari, kifundo bado."

"Kidogo namna gani?"

"Ukija mpaka mwezi uishe, utatembea."

"Basi kanda."

Nilichota mafuta. Yalipogusa viganja ilikuwa kama nimeshika upupu. Nilianza kwenye paja, nikashuka. Mzee alikuwa akizungumza juu ya ng'ombe, juu ya Kiptanui asiyetaka kuvua kofia hata mbele ya mchungaji. Mimi nilikuwa namjibu. Nilipofika kwenye kifundo nilibonyeza kwa gumba, na ufa wa kwenye gumba ukafunguka. Sikuujua mpaka nilipomwona amenyamaza.

Alikuwa anautazama mguu wake. Kulikuwa na mstari mwekundu kutoka kwenye goti mpaka kifundoni, umechanganyika na mafuta, unang'aa.

"Hiyo ni damu yangu ama yako?"

"Yangu, mzee. Si kitu. Ni ngozi."

"Leta mkono."

Sikutaka, lakini alinishika kiganja. Ni yeye peke yake aliyekuwa amenishika mkono tangu siku nyingi. Aliugeuza, akaona nyufa, akavuta mkono wa gauni juu akaona mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ilianza lini?"

"Imeanza kitambo. Ni hizi dawa kali za dukani. Osoro amesema, na mafuta, na sabuni..."

"Nimekuuliza lini."

Nilifikiri nimdanganye. Sikuweza. "Ni wakati ule ulianza kuja."

"Wakati kidole kilitikisika."

"Karibu hapo."

"Na ulipopumzika ulipona."

"Nilipona."

"Na mimi mguu ukarudi nyuma." Alisema hivyo kama mtu anayesoma kitu ambacho amekijua tangu zamani. "Halafu umerudi kukanda, goti limefunguka, na wewe umefika hapa kwa kiwiko."

"Mzee, si hivyo. Uchungu wa mtu hauhami. Dresa amesema ni ngozi tu, imechoka na dawa. Hata ningekuwa nakanda meza ningewashwa hivi."

"Osoro ni mtoto mzuri," alisema. "Amesoma. Lakini yeye hakuwa ndani ya huu mguu. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nasikia kila siku kitu kinatoka, kinaenda kwako. Nikawa nafurahi."

"Mzee Johana, nisikilize."

Alikuwa ameshaanza kukunjua suruali, juu ya mafuta na juu ya damu. Nilitaka kumwambia maneno ya Kiptanui. Yalikuwa hapa kwenye meno: ukiacha kuja, mwanao atanitoa kwa mwanangu. Lakini nilimwangalia usoni nikaona akisikia hayo atakaa. Atakaa kwenye benchi kwa ajili yangu, kila asubuhi, akitazama mikono yangu ikipasuka na akiamini kwamba ni yeye anaipasua. Na mtu wa namna hiyo hata mguu wake haungepona. Na tena hilo lingekuwa kumwomba, na nikimwomba angenipa.

"Bado kifundo," nilisema. "Kilichobaki ni kifundo tu. Mwezi huu peke yake."

Johana aliegemea ukuta akasimama. Alitazama fimbo yake pale kando ya benchi, akaiacha. Alikwenda hatua ya kwanza, mguu wa kushoto ukakwaruza sakafu, akashika mwimo wa mlango. Nilinyoosha mkono nimsaidie kama siku zote. Aliutazama ule mkono, akatikisa kichwa polepole, akavuta mguu wake kizingitini akatoka.